Tangu Tulipoanza Kupanda Wiki Moja

Tangu nistaafu ualimu wa shule ya msingi nalima mahindi na alizeti upande wa Mlali, wilayani Mvomero, chini ya milima ya Uluguru. Ushuhuda huu nautoa kwa ajili ya wakulima wenzangu ambao bado wanapigana na panya kila mtu kivyake, sumu yake mfukoni na hasara yake nyumbani. Kwetu mambo yalikuwa hivyo kwa miaka mingi. Yaligeuka pale majirani walipokubali kufanya jambo moja kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwepo, niliona yakigeuka.

Kwanza niseme ni panya gani. Simzungumzii yule wa darini anayetafuna magunia usiku. Wala simzungumzii panya buku, wale wakubwa ambao shirika la APOPO huwafundisha hapa hapa Morogoro kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Hao wanastahili heshima. Wetu ni panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Ni mdogo, anaenea kiganjani, rangi yake ya kahawia kama udongo wenyewe. Jike lake huweza kuwa na chuchu 24, na Mungu hakumpa chuchu hizo bure: mimba ni wiki tatu na siku chache, na mzao mmoja huweza kuwa na watoto 10 au zaidi. Watafiti wanakadiria kwamba kwa wastani panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania kila mwaka. Lakini wastani huo unaficha mengi, kwa sababu hasara haigawanywi sawasawa. Kuna anayepoteza debe moja na kuna anayepoteza shamba zima.

Asiyelima hajui uchungu wa shamba lililofukuliwa. Umepanda jana, mvua imekolea, udongo bado mweusi kwa unyevu. Asubuhi unaingia shambani unakuta vishimo. Havikutawanyika ovyo, vimefuata mstari. Panya akishaipata mbegu ya kwanza anajua ya pili iko wapi, maana wewe mwenyewe umempimia kwa kamba. Anatoka shimo hadi shimo mpaka mwisho wa mstari, kisha anageuka na kurudi na mstari wa pili. Ukiinama unaona maganda ya mbegu yamebaki kando ya kila kishimo, na vumbi jekundu la dawa ya mbegu limeshika kwenye udongo. Kiini ndicho alichokitaka na ndicho alichokula. Hatari hiyo huendelea kama wiki mbili, mpaka mche ushike mizizi. Baada ya hapo panya hukuacha upumue, halafu hurudi mahindi yanapokomaa.

Mtu aliyefukuliwa hana budi kurudishia mbegu. Anarudi dukani kununua mfuko mwingine, kama pesa ipo, na anapanda tena akiwa amechelewa. Mvua za masika hazimsubiri mtu. Mahindi ya kurudishia yanachanua wakati maji yamekatika, na mavuno yake ni magunzi matupu. Nimeona kina mama wanaouza kuku wa mwisho ili warudishie mbegu, na mbegu hizo nazo zikafukuliwa.

Tulichokuwa tukifanya enzi hizo ni sumu. Panya wakizidi, halmashauri hugawa zinki fosfaidi, ule unga mweusi unaonuka kama vitunguu saumu, unachanganywa na mahindi na kutupwa shambani. Mwaka ambao haikuja, watu walinunua wanachokijua madukani na mnadani, vingine havina hata karatasi ya maelekezo. Kila mtu alitega alipopata sumu. Huyu Jumatatu, yule baada ya wiki mbili, wa tatu hakutega kabisa kwa kuwa hana pesa, na wa nne yuko mjini. Asubuhi tuliokota panya wachache na tulifurahi. Tuliokota na kuku. Jirani yangu alipoteza mbwa wake wa kulinda nyani, mbwa aliyekuwa na thamani kuliko chochote alichokuwa nacho shambani. Na baada ya wiki chache vishimo vilirudi palepale.

Aliyetufafanulia sababu yake ni bibi shamba wa kata yetu, binti mdogo kwa umri kuliko watoto wangu, ambaye alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Chuo hicho kimewachunguza panya shamba tangu miaka ya 1980, na majina ya watu kama Profesa Rhodes Makundi wa hapo na Herwig Leirs wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, yanajulikana na kila anayesomea viumbe waharibifu. Bibi shamba alituita chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji akachora mashamba yetu kwa kijiti, ardhini. Shamba la katikati likatiwa alama ya sumu. Akasema panya wa hapo wakifa, nyumba zao zinabaki wazi, chakula kinabaki, na walio pembeni wanahamia. Shamba dogo hujazwa upya ndani ya wiki kadhaa tu. "Mama yangu," aliniambia kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele, "ukiua wa kwako peke yako, umewafagilia wa jirani."

Akaeleza pia kwamba sumu ile inayoua kwa mara moja ina kasoro yake. Panya aliyeionja kidogo na kunusurika anaikumbuka, haigusi tena. Kwa hiyo anayetega ovyo ovyo, kidogo kidogo, anafundisha panya kuikwepa.

Habari ya mvua ndiyo iliyonigusa kuliko zote, maana nimefundisha watoto majira ya mwaka kwa miaka mingi bila kujua kwamba panya nao wana kalenda yao. Kwa kawaida panya shamba huanza kuzaa mvua za masika zikishakolea, na huendelea mpaka kiangazi kinapoingia. Idadi yao hupanda kwa miezi hiyo, kisha hupungua. Lakini vuli ikinyesha vizuri, Oktoba hadi Desemba, majani yanachipua mapema, mbegu za nyasi zinakuwepo, na panya wanaanza kuzaa kabla ya wakati. Watoto wa vuli wanakuwa wakubwa na kuzaa wao wenyewe masika yanapofika. Hapo ndipo hesabu inapolipuka, na hekta moja huweza kuwa na mamia ya panya. Maana yake ni kwamba balaa la Machi linaonekana tangu Desemba kwa anayejua kutazama. Sisi tulikuwa tunanunua sumu Machi, vishimo vikiwa vimeshachimbwa.

Kujua jambo ni kitu kimoja, kukubaliana ni kingine. Mkutano wa kijiji ulioitishwa kwa ajili ya panya ulikuwa na kelele kuliko mkutano wa uchaguzi. Wapo waliosema hii ni kazi ya serikali. Wapo waliosema watapanda siku wanayotaka kwenye shamba lao. Mzee mmoja wa Kiluguru, mwenye shamba bondeni, alisimama akasema yeye hatafyeka mpaka wake ili kumsaidia mtu ambaye alimshtaki baraza la kata kwa ajili ya mpaka huohuo. Watu walicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Mashamba yetu yalikuwa yamezungukwa na ugomvi, na ugomvi ulikuwa umeota majani: vipande vya ardhi visivyolimwa kwa sababu ya kesi, mipaka isiyofyekwa kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenzake. Humo ndimo panya walimokuwa wakikaa kiangazi chote.

Nadhani kilichowatuliza watu ni ugonjwa. Bibi shamba aliwakumbusha habari za Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022, jinsi watu walivyougua homa na kutokwa damu puani, na wengine wakafa kabla haijajulikana kwamba ni homa ya mgunda, ambayo vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Wakulima wanaoingia kwenye maji na matope bila viatu wako hatarini. Kina mama waliacha kuongea. Hapo suala halikuwa tena mahindi ya fulani.

Siku ile mimi nilileta kitu kimoja. Kwenye mwembe wa shule yetu ya zamani kulikuwa na bundi, na watu walikuwa wakimfukuza kwa mawe kwa ile imani kwamba akilia juu ya paa kuna msiba. Chini ya mti ule nilikuwa nimeokota matapishi yake, yale mabonge makavu ya kijivu kama kipande cha blanketi kilichoviringishwa. Niliyafungua mezani mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwa kijiti, taratibu, kama nilivyokuwa nikifanya darasani. Ndani kulikuwa na manyoya na mifupa mitupu. Fuvu moja dogo lenye meno mawili marefu ya mbele, ya njano. La pili. La tatu, na taya zake. Vijana walisogea kutazama. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika asichoweza kusaga, na mabonge yalikuwa yamejaa chini ya mti mzima. Sikuwahutubia kuhusu imani. Niliwaomba tu wasimpige mawe tena huyo anayelinda shamba usiku bila mshahara. Bundi peke yake hawezi kumaliza panya, hilo wataalamu wanalisema wazi. Lakini anayekula panya aliyelishwa sumu naye huweza kufa, na tulikuwa tumeua wengi bila kuwaona.

Kuna makundi mawili ambayo bila hayo tusingefika popote, na yote mawili hayakuwa mkutanoni.

La kwanza ni wafugaji wa Kiparakuyo wanaokaa upande wa mbugani. Mkoa wetu una kumbukumbu mbaya. Mwaka 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30. Hakuna anayesahau. Mwenyekiti na wazee watatu, nami nikiwa karani, tulikwenda kwa mzee wao kumweleza kwamba tunaomba ng'ombe waingie mashambani baada ya mavuno, wale mabua na majani ya mipakani, kwa tarehe zilizoandikwa, na watoke kabla ya vuli. Majani yakiwa mafupi panya hana pa kujificha. Mwewe anamwona mchana na bundi anamwona usiku. Mzee yule alitusikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea fimbo yake.

"Mwalimu," akasema, "siku zote mkituita ni kutusomea mashtaka. Leo mnaniomba ng'ombe?"

"Tunakuomba, mzee."

Alikubali, na akaweka sharti lake: sumu isiwekwe kwenye njia ya mifugo wala karibu na lambo, na apewe taarifa mapema. Lilikuwa sharti la haki. Limeandikwa kwenye kitabu cha kijiji na limeheshimiwa.

La pili ni wenye mashamba wanaoishi Dar es Salaam. Hapa ndipo pagumu. Katikati ya mashamba yetu kuna vipande vikubwa vilivyonunuliwa na watu wa mjini, havijalimwa tangu vinunuliwe, majani yamefika kichwani. Kila panya tuliyemuua alikuwa na ndugu zake mle. Tulipompigia simu mwenye kipande kikubwa kuliko vyote, alisema neno moja: msiguse. Baadhi yetu walikasirika. Mimi nilimwelewa. Anajua kwamba ardhi isiyoendelezwa huweza kunyang'anywa, na anajua visa vya watu waliofyeka shamba la mtu leo na kesho wakadai ni lao. Hofu yake ilikuwa na msingi. Basi mtendaji wa kijiji aliandika hati fupi ya makubaliano, ukurasa mmoja: kijiji kitafyeka na kutega mitego kwenye shamba hili kwa miezi iliyotajwa, kufyeka huko hakumpi mtu yeyote haki ya kumiliki, kulima wala kujenga, mwenye shamba atachangia gharama ya vibarua. Sahihi, muhuri, mashahidi. Hati hiyo tuliipiga picha tukamtumia kwa simu. Alijibu baada ya siku kadhaa, na pamoja na jibu alituma pesa. Wengine walifuata alipokubali yeye.

Msimu wa kwanza ulianza kiangazi. Tulifyeka mipaka kwa zamu, kitongoji kwa kitongoji, na yule mzee wa bondeni alifyeka wa kwake siku moja na hasimu yake, kila mmoja upande wake, hawakusemezana lakini walimaliza. Hatukuchoma moto, moto huondoa majani ya juu na panya yuko shimoni, hana habari. Januari na Februari, kabla ya masika, ulikuwa wakati wa mitego. Tunayoitegemea zaidi ni ya ndoo. Unaifukia ndoo ya lita 20 mpaka shingoni, unatia maji robo yake, unapitisha waya katikati ya gunzi la hindi na kulilaza juu ya mdomo wa ndoo. Gunzi unalipaka karanga zilizotwangwa. Panya anarukia gunzi, gunzi linazunguka, anatumbukia. Kila kaya ilipewa idadi ya ndoo kulingana na ekari zake, na vijana wa kila kitongoji walizikagua alfajiri. Wanaokota kwa mfuko wa plastiki mikononi na kuwafukia shimo refu. Hakuna kugusa kwa mkono mtupu, hata kwa utani.

Sumu hatujaiacha kabisa. Tunaitumia pale mitego inapoonyesha kwamba panya wamezidi, na tunaitega mashamba yote siku moja, jioni moja. Inawekwa ndani ya vipande vya mianzi ambavyo kuku hawezi kuingiza kichwa. Kabla yake mgambo anapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wafungie kuku, mbwa na watoto. Baada ya siku zilizokubaliwa mianzi inakusanywa, kinachobaki kinafukiwa. Tangu tuanze utaratibu huo sijasikia kuku aliyekufa.

Halafu tukapanda pamoja. Hili ndilo lililokuwa gumu kwa watu kulikubali na ndilo ninalolitetea kuliko yote. Anayepanda peke yake mapema analisha panya wa kijiji kizima, na anayepanda peke yake mwisho naye ni hivyo hivyo. Tukipanda wote ndani ya wiki moja baada ya mvua ya kwanza kukolea, mbegu zinakuwa nyingi kuliko matumbo ya panya waliobaki, na zile wiki mbili za hatari zinapita kwetu sote kwa mara moja. Wenye trekta na wenye ng'ombe wa kulimia walipangwa zamu ili asiye nacho asibaki nyuma. Wajane na wazee walilimiwa kwanza.

Wiki iliyofuata niliingia shambani asubuhi na mapema. Vishimo vilikuwepo, siwezi kusema havikuwepo. Vilikuwa kwenye mistari ya pembeni, karibu na korongo. Ndani ya shamba miche ilikuwa imetoka mistari mizima, kijani, bila pengo, na nilitembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nilirudishia mbegu mistari michache tu, kwa mbegu zilizobaki kwenye mfuko uleule. Jirani yangu wa mashariki hakurudishia kabisa. Mmoja wa wale kina mama waliokuwa wakiuza kuku, msimu huo kuku wake walibaki bandani.

Panya hawajaisha na hawataisha. Hatukuwahi kuahidi hivyo. Kila mwaka kuna wanaochoka, kuna wanaoficha ndoo, kuna wanaosema mwaka huu ni wachache tupumzike. Sheria ndogo ya kijiji inatoza faini asiyefyeka mpaka wake, na imebidi itumike. Mwaka ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza vuli ya juu ya wastani, mkutano wetu unaitwa mapema na ndoo zinaongezwa. Kazi ni ileile, lakini sasa ni ya wote. Na limetokea jambo ambalo sikulitegemea: kitabu kilichoanza kwa orodha ya ndoo sasa kina makubaliano ya njia za mifugo, zamu za lambo, na mipaka miwili iliyomalizwa bila kwenda baraza la kata.

Kwa hiyo neno langu la mwisho nalielekeza kwako wewe unayesoma haya ukiwa mjini, na una shamba Mvomero, Kilosa, Bagamoyo, Handeni au kokote, ulilonunua na hujalilima. Wanaolima kandokando yako wanafukuliwa mbegu na panya wanaotoka kwako. Hawana namba yako ya simu. Mpigie mtendaji wa kijiji kabla ya Oktoba, mwachie namba, omba hati ya makubaliano yenye muhuri inayolinda haki yako, na uwaruhusu wafyeke. Ukiweza, changia vibarua. Ardhi itabaki yako, na wao watapanda mara moja tu.